Baka Lisilowasha: Somo la Ngozi kwa Shule za Mwambao wa Itungi

Mwalimu wa Bayolojia afundishaye katika nchi tambarare ya Kyela, kuanzia kwenye mashamba ya mpunga hadi Bandari ya Itungi kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, anacho kifaa kimoja cha kufundishia ambacho hahitaji kukiagiza kutoka popote. Kifaa hicho ni ngozi. Kila mwanafunzi huja nayo darasani, na ngozi ya watu wa mwambao huu ina mengi ya kusimulia. Joto ni kali, hewa ina unyevunyevu, mvua ni nyingi, wakulima husimama majini kwa saa nyingi, na watoto huoga ziwani. Mazingira ya namna hii huvifaa sana viumbe vidogo vinavyoishi juu ya ngozi ya binadamu au ndani yake.

Tumchukulie mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili. Katika mkono wake, juu kidogo ya kiwiko, ametokewa na baka lililopauka, lenye ukubwa wa sarafu. Baka hilo haliwashi wala haliumi. Wenzake wamesema ni mba. Bibi yake amesema ni mbalanga. Mwalimu wake wa zamu, kwa nia njema kabisa, amemwambia kuwa amekosa vitamini na kwamba ale mboga za majani. Muuza duka la dawa amempatia mrija wa dawa ya kupaka. Yamepatikana majibu manne, na kila mtoa jibu ametumia macho tu. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza kama akiguswa mahali pale anahisi.

Katika makala haya tutaeleza jinsi ngozi ilivyojengwa, kisha tutaonyesha kwamba dalili za magonjwa mengi ya ngozi hutokana na mahali ugonjwa ulipojificha katika jengo hilo. Anayeyajua matabaka ya ngozi hahitaji kukariri orodha ndefu ya majina ya magonjwa.

Matabaka ya ngozi

Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa hufikia eneo la karibu meta mraba 2. Ina sehemu mbili zilizoshikamana, yaani ngozi ya nje na ngozi ya ndani, na chini yake kuna tabaka la mafuta liiunganishalo na misuli.

Ngozi ya nje ni nyembamba mno. Kwenye kope unene wake ni kama milimeta 0.05 tu, na kwenye nyayo hufikia milimeta 1.5. Haina mishipa ya damu hata mmoja, na ndiyo sababu mtu akijikwaruza kidogo sana hatoki damu. Chini kabisa mwa ngozi hii ya nje kuna safu moja ya seli zinazogawanyika usiku na mchana. Kila seli mpya inapozaliwa huisukuma iliyotangulia kwenda juu. Seli hiyo katika safari yake hujaa protini ngumu iitwayo keratini, ile ile iliyomo katika kucha na pembe za ng'ombe. Kisha hukauka, hufa na kuwa gamba jembamba lililo bapa. Safari nzima, tangu kuzaliwa mpaka kubanduka, huchukua takriban majuma manne au zaidi kidogo. Kwa hiyo tunapomtazama mtu usoni tunatazama seli zilizokwisha kufa. Mkulima ashikaye jembe kila siku hujengewa keratini nyingi zaidi viganjani, nasi twaiita sugu.

Ngozi ya ndani ni nene zaidi na ndiyo yenye nguvu. Imefumwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Ngozi ya mnyama ikisindikwa ili kutengeneza viatu, tabaka hili ndilo linalobaki. Humo hupita mishipa midogo ya damu. Humo huota mashina ya nywele, kila shina na tezi yake ya mafuta. Humo pia zimo tezi za jasho, ambazo mtu mmoja ana milioni 2 hadi 4. Mifereji ya tezi hizo ikiziba wakati wa joto kali, jasho hukwama njiani na kuchipusha vipele vidogo vidogo vyenye kuchoma, yaani harara, ambayo kila mzazi wa Kyela anaijua.

Jambo la mwisho kuhusu ngozi ya ndani, nalo ndilo kiini cha somo letu, ni mishipa ya fahamu. Ncha zake ni nyingi, na kila aina ina kazi yake: nyingine hupokea mguso mwepesi, nyingine joto, nyingine baridi, nyingine maumivu. Ncha hizi hazikugawanywa sawasawa. Mwalimu anaweza kulithibitisha hilo kwa bikari iliyofunguliwa kidogo. Mwanafunzi afumbe macho, naye mwenzake amguse polepole kwa ncha zote mbili kwa pamoja. Kwenye ncha ya kidole mwanafunzi hutambua kuwa ameguswa mahali pawili hata zikiwa zimeachana kwa milimeta 2 au 3 tu. Mgongoni ncha hizo huweza kuachana kwa sentimeta kadhaa naye bado akasema kwamba ameguswa mahali pamoja. Katika shule isiyo na hadubini sijaona jaribio lililo rahisi kuliko hili, wala linalowachangamsha wanafunzi zaidi.

Rangi ya ngozi na macho yanayodanganya

Katika safu ile ya chini ya ngozi ya nje, kati ya seli za kawaida, zimo seli nyingine zenye mikono mirefu mfano wa mizizi. Kazi yake ni kutengeneza melanini, ambayo ndiyo rangi ya ngozi, na kuigawa kwa seli jirani. Melanini hukaa juu ya kiini cha kila seli kama mwavuli na kukikinga na miali mikali ya jua. Watu wengi hushangaa waambiwapo kwamba Mwafrika na Mzungu wana idadi inayokaribiana ya seli hizo. Tofauti iko katika wingi wa melanini inayotengenezwa, ukubwa wa chembe zake na namna zinavyosambazwa. Hata ndugu zetu wenye ualbino wanazo seli hizo. Wanachokosa ni uwezo wa kuitengeneza melanini. Kwa hiyo jua la nchi yetu huwadhuru upesi, na kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua kwao ni vitu vya lazima, kama vile miwani ilivyo kwa asiyeona vizuri.

Melanini huficha mambo. Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya humfundisha msomaji atafute "wekundu" wa ngozi, kwa kuwa ngozi nyeupe ikipata uvimbe damu huonekana kupitia ngozi ya nje. Mwanafunzi wa Kyela akiutafuta wekundu huo katika mkono wa mwenzake huenda asiuone kamwe. Katika ngozi nyeusi uvimbe huonekana kama weusi uliokolea, au rangi ya zambarau iliyofifia, na pengine hauonekani kabisa. Hapo mkono hufanya kazi ya jicho: mgongo wa kiganja hupima joto la mahali penyewe, ncha za vidole hupima kama pameinuka, pamekauka au pana magamba.

Kwa upande mwingine, ngozi nyeusi ina faida yake kwa mchunguzi. Badiliko lolote la melanini, liwe la kupungua au la kuzidi, huonekana waziwazi. Ndiyo sababu mabaka yaliyopauka huwasumbua watu wengi kwetu. Lakini kupauka ni neno moja lenye visa vingi, na ili kuvitenganisha yatupasa kushuka tabaka kwa tabaka.

Magonjwa ya juu: mba, choa na upele

Tuanze na mba wa mwilini. Huu huletwa na aina ya kuvu anayeishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu bila kumdhuru. Chakula chake ni mafuta ya ngozi. Katika ujana tezi za mafuta huanza kufanya kazi kwa nguvu, na kama hali ya hewa ni ya joto na unyevu, kuvu huyo huongezeka kupita kiasi, hasa kifuani, mgongoni, shingoni na mabegani. Wanafunzi wa sekondari za mwambao wa Ziwa Nyasa wana masharti yote mawili, yaani ujana na joto, na kwa hiyo mwalimu asishangae kuuona kila mwaka. Kuvu huyo hutoa kemikali zinazozuia utengenezaji wa melanini, na mahali pake hupauka. Kwa kuwa anakaa katika magamba ya juu kabisa, baka likikwaruzwa taratibu kwa ukucha hutoa unga mwepesi. Hiyo ndiyo alama yake. Dawa za kuua kuvu humwondoa kwa urahisi, ila rangi huchukua miezi kurudi, kwa sababu melanini mpya lazima itengenezwe na kupandishwa juu pamoja na seli. Wengi hudhani dawa imeshindwa, wakabadilisha dawa tatu, ilhali ile ya kwanza ilikwisha kuua kuvu zamani.

Mabaka hafifu ya mashavuni mwa watoto ni kitu kingine. Hayana mpaka ulio dhahiri, ngozi yake imekauka kidogo, na kwa kawaida hutokana na ukurutu mwepesi. Watu husema ni minyoo au ukosefu wa vitamini. Mafuta ya kulainisha ngozi na subira hutosha kwa watoto walio wengi.

Choa nao ni ugonjwa wa kuvu, lakini kuvu wake hula keratini. Huanzia mahali pamoja na kuenea pande zote kama moto wa nyika katika majani makavu: katikati hupoa na pembeni huendelea kuwaka. Hivyo duara lenye ukingo ulioinuka, wenye magamba na mwasho, hupatikana. Kuvu huyo akiingia kichwani hushuka ndani ya unywele wenyewe, nao hukatika na kuacha viraka vyenye magamba. Haya ndiyo mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi. Hapa elimu ya matabaka inatufaa moja kwa moja. Dawa ya kupaka huishia juu, bali kuvu yumo ndani ya shina la unywele. Kwa hiyo mapunye hutibiwa kwa vidonge vinavyofika huko kwa njia ya damu.

Upele, kwa maana yake halisi, huletwa na mdudu mdogo mwenye miguu minane, wa jamaa ya utitiri. Jike lina urefu usiofika nusu milimeta. Huchimba vijia katika tabaka la juu la ngozi ya nje na kutaga mayai humo. Mwasho hautokani na kuchimba kwenyewe. Ni mwili unaokasirishwa na mdudu, mayai na kinyesi chake. Ndiyo maana mtu aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa majuma manne hadi sita bila kujikuna, huku akiwaambukiza wenziwe. Ukisikia bweni zima linajikuna usiku, tazama kati ya vidole, vifundo vya mikono, kiunoni na matakoni. Wote walalao pamoja hutibiwa siku moja, hata wasiojikuna, la sivyo ugonjwa huzunguka kutoka kitanda hadi kitanda mpaka muhula unakwisha.

Kuna mgeni mwingine anayepita katika tabaka hili bila kukaa. Katika baadhi ya fukwe za Ziwa Nyasa, kama katika madimbwi na mifereji mingi ya nchi yetu, wamo konokono wanaotoa mabuu ya kichocho. Mabuu hayo hupenya ngozi ya mtu aliye majini katika muda wa dakika chache, na pengine huacha vipele vyenye kuwasha kwa siku moja au mbili. Mwanafunzi huvisahau vipele hivyo. Baadaye, akiona damu katika mkojo, hakumbuki kuvihusisha na siku ile aliyooga.

Seli za rangi zinapokufa: mbalanga

Katika mbalanga ngozi haina kuvu wala mdudu. Kinga ya mwili wenyewe hugeuka na kuziua seli zinazotengeneza melanini. Baka huwa jeupe kabisa kama chokaa, lenye mpaka ulio wazi, lisilo na unga wala magamba. Hupenda kutokea midomoni, machoni, kwenye vidole na magotini, na mara nyingi pande zote mbili za mwili. Ngozi yake ni nzima kwa kila hali isipokuwa rangi: hutoa jasho, hisia zipo, nywele zipo. Ugonjwa huu hauambukizi hata kidogo.

Rangi ikirudi katika mbalanga, mara nyingi huanza kama vitone vidogo vyeusi kuzunguka vinyweleo, kwa sababu katika mashina ya nywele zimo seli za akiba ziwezazo kuzaa seli mpya za rangi. Msomaji akumbuke vitone hivyo, kwani tutakutana navyo tena.

Usubi: ugonjwa wa mito ya Rungwe na Kyela

Mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kwa kasi kutoka milimani kabla ya kutulia katika tambarare ya Kyela na kuingia ziwani. Katika maji yaendayo kwa kasi ndimo anamozaliana kijinzi mdogo mweusi aitwaye usubi, na ugonjwa anaoueneza huitwa kwa jina lake. Bonde hili la Tukuyu limejulikana kwa muda mrefu kuwa mojawapo ya maeneo ya usubi nchini Tanzania.

Minyoo wakubwa wa ugonjwa huu hujikunja ndani ya vinundu vigumu chini ya ngozi, hasa penye mifupa ya nyonga. Jike huweza kufikia urefu wa sentimeta 30 hadi 50 na kuishi zaidi ya miaka 10. Hutoa maelfu ya mabuu, kila buu likiwa na urefu wa kama milimeta 0.3, nayo huenea katika ngozi ya ndani. Njia ya zamani ya kupima ugonjwa huu inaonyesha vizuri mahali yalipo: kipande kidogo sana cha ngozi, kisichotoa damu au chenye kutoa kidogo tu, huwekwa katika tone la maji ya chumvi, na baada ya muda mabuu huonekana kwa hadubini yakitoka na kupinda-pinda majini.

Mabuu yanapokufa ndani ya ngozi huamsha mwasho mkali ambao humnyima mtu usingizi. Baada ya miaka mingi ngozi ya miguu, mbele ya mfupa wa goko, hupoteza rangi kwa madoa, huku vitone vyeusi vikibaki kuzunguka vinyweleo, kwa sababu ile ile tuliyoieleza katika mbalanga. Watu huifananisha na ngozi ya chui. Mabuu yakifika machoni huweza kupofusha. Lakini hata katika ngozi hiyo ya chui, mguso huhisika.

Dawa yake, aivamektini, huua mabuu bila kuwaua minyoo wakubwa, na kwa hiyo hutolewa kwa kurudiwa miaka mingi hadi minyoo hao wazeeke. Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kuitoa bure kwa ugonjwa huu, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa ikigawanywa kwa jamii katika wilaya za Rungwe na Kyela. Maambukizi yalipungua sana. Watafiti wawili walioichimbua asili yake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ōmura alikipata kijidudu kinachoizalisha katika udongo wa Japani.

Baka lisilohisi

Sasa tumrudie mwanafunzi wetu. Baka lake halitoi unga: basi si mba. Si jeupe kama chokaa, limepauka tu: basi si mbalanga. Liko peke yake mkononi, halina mwasho wala vitone: halifanani na usubi. Limebaki tabaka moja ambalo hatujaliuliza, nalo ni la mishipa ya fahamu.

Bakteria wa ukoma aligunduliwa na Gerhard Armauer Hansen huko Bergen, Norwei, mwaka 1873. Ni kiumbe wa polepole ajabu. Wakati bakteria wengi hugawanyika kila baada ya dakika chache au saa chache, huyu huchukua takriban siku 12 hadi 14. Hivyo tangu kuambukizwa mpaka kuonekana dalili hupita miaka 5 kwa wastani, na pengine 20. Hupenda mahali penye ubaridi, kama vile ngozi, pua na mishipa ya fahamu iliyopita karibu na uso wa mwili. Mpaka leo hajaweza kuoteshwa katika chupa za maabara. Watafiti walimpata kwa wingi katika mwili wa amadilo, mnyama wa Marekani mwenye magamba mithili ya kakakuona wetu, ambaye joto la mwili wake liko chini ya la binadamu.

Bakteria huyu huingia katika seli zinazoifunika mishipa ya fahamu. Kinga ya mwili ikimshambulia humo, mshipa wenyewe huumia. Kwanza hupotea hisia ya joto na ya mguso mwepesi, jasho hukoma, nywele za mahali pale hupungua. Kisha hupotea maumivu. Mshipa unaopita nyuma ya kiwiko huweza kuvimba mpaka ukapapaswa kama kamba, na ukiharibika vidole viwili vya mwisho hukunjika. Vidole havikatwi na bakteria, kama wengi wasemavyo. Hupotea kwa sababu mtu asiyehisi maumivu hushika sufuria ya moto asijue, hukanyaga mwiba asijue, na kidonda kisichouma hakitunzwi.

Kipimo chake ni pamba. Chukua pamba kidogo, isokote iwe na ncha laini. Mwonyeshe mtu, macho yakiwa wazi, jinsi utakavyomgusa, ukianzia kwenye ngozi nzima. Kisha afumbe macho, na kila aguswapo aonyeshe kwa kidole mahali palipoguswa. Usipanguse, gusa tu. Badili mahali na muda, uende nje ya baka na ndani yake, asije akabahatisha. Akishindwa kuonyesha ndani ya baka ilhali anaonyesha nje, huyo apelekwe kwenye zahanati au kituo cha afya bila kungoja. Tahadhari mbili zinahitajika. Usoni mishipa ya fahamu ni mingi mno, na baka la ukoma huweza kuhisi. Pia iko namna ya ukoma isiyo na baka lenye ganzi: ngozi hung'aa na kunenepa, vinundu hutokea masikioni, nyusi hupukutika. Kwa hiyo pamba ikijibu ndiyo, swali halijafungwa. Ikijibu hapana, limekwisha kujibiwa kwa kiasi cha kumfanya mtu ashike njia ya zahanati.

Kovu la begani

Ng'ambo ya Mto Songwe, katika wilaya ya Karonga nchini Malawi, mambo haya yalichunguzwa kwa kina kirefu ambacho sehemu chache za dunia zimepata kukiona. Kuanzia mwaka 1979 wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba wakikagua ngozi za wakazi wa wilaya nzima. Kati ya mwaka 1986 na 1989 watu zaidi ya 100,000 waliingizwa katika jaribio la chanjo ya BCG, ambayo msomaji anaifahamu kama chanjo ya kifua kikuu. Matokeo yalitangazwa mwaka 1996. Waliokuwa na kovu la chanjo ya kwanza wakachanjwa mara ya pili walipata ukoma kwa kiasi cha nusu tu ya wale ambao hawakurudiwa; lakini kurudia huko hakukuongeza kinga dhidi ya kifua kikuu.

Kila mwanafunzi atazame bega lake la kulia. Kovu dogo lililopo hapo ni la BCG, nayo hudungwa ndani ya ngozi ya ndani hasa, si katika msuli. Muuguzi aliyeidunga alipaswa kulijua tabaka lake kwa ncha ya sindano.

Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma mwaka 1977. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matibabu ya dawa mseto mwaka 1981, na mwaka 2006 nchi yetu ilishuka chini ya mgonjwa 1 katika kila watu 10,000. Mafanikio hayo yana hatari yake, nayo naiona kubwa kuliko inavyosemwa: ugonjwa ukiwa adimu, watu wa kuutambua huwa adimu pia. Wagonjwa wapya bado hugunduliwa kila mwaka.

Mwenendo wa mwalimu

Kipimo cha pamba kisifanywe mbele ya darasa kwa mwanafunzi mwenye baka. Darasani wote wajifunze kwa ngozi nzima. Mwenye baka aitwe faraghani, akiwa na mzazi au mlezi ikiwezekana. Mwalimu asitamke jina la ugonjwa. Kazi yake ni kuona kwamba kuna jambo la kuchunguzwa na kuhakikisha mtoto amefika kwa mganga.

Vilevile awazuie wanafunzi kujipaka dawa wasizozijua. Krimu nyingi zinazouzwa kiholela zina steroidi. Steroidi hutuliza mwasho upesi, lakini huilaza kinga ya ngozi, na choa kilichokuwa na ukubwa wa sarafu huenea chini kwa chini mpaka ukubwa wa sahani, tena bila ukingo wake wa kukitambulisha. Mkorogo wa kujichubua una madhara zaidi: haidrokwinoni huzuia utengenezaji wa melanini, zebaki huingia mwilini na kudhuru figo, na steroidi hukondesha ngozi ya ndani mpaka mishipa ya damu ikaonekana. Aliyejichubua ameuondoa mwavuli aliopewa bure.

Mwanafunzi wetu akionekana zahanati kuwa na ukoma wenye baka moja, atapewa vidonge vya miezi 6, bila malipo. Mwenye mabaka zaidi ya matano hupewa vya miezi 12. Ndani ya siku chache tangu dozi ya kwanza hawezi tena kumwambukiza mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga, kumhamisha bweni wala kumpa kikombe chake peke yake. Watu wa nyumbani kwake watakaguliwa ngozi. Baka litafifia polepole, pengine muda mrefu baada ya vidonge kwisha, na kama mshipa haukuwahi kuharibika vidole vyake vitaendelea kushika kalamu katika dawati lile lile.